Hapana Haiulizwi

Delfina Archuleta aliruka kabla hajaruka. Alijiona mwenyewe kwenye skrini, ndani ya hema jeusi lililosimikwa kando ya maghala ya zamani ya reli, akikimbia juu ya paa, akifika ukingoni, akigusa tumbo kwa mkono wa kushoto, kidogo tu, kama mtu anayehakikisha kifungo kimefungwa, kisha akiuruka uchochoro na kudaka bomba la chuma la paa la pili. Kila kitu chake kilikuwepo. Mabega mapana ya kina Archuleta, goti la kulia linalochelewa, hata kile kisigino anachokiburuza akichoka. Ila hakuwa yeye. Asubuhi hiyo alikuwa hajapanda hata ngazi. Kahawa yake ilikuwa mkononi, bado inachoma.

"Tazama huo mkono," alisema Garrick, mwongozaji wa filamu. "Rudisha, Thuy. Tazameni."

Thuy Lam, binti wa kompyuta, alirudisha. Delfina wa kwenye skrini akagusa tumbo tena, akaruka tena.

"Filamu yote iko hapo," Garrick alisema. "Shujaa wetu, Ione, amekimbizwa mji mzima. Anajua sasa kwamba huo mji si mji, ni hesabu tu ndani ya mashine, na wanaomkimbiza wanajua kila hatua yake kabla hajaipiga. Halafu hapa ukingoni anajigusa. Anakumbuka yupo. Ndipo anaamua mwenyewe. Ulikifikiriaje kitu kama hicho?"

"Sikukifikiria," alisema Delfina.

"Ndiyo uzuri wake!"

Delfina alikunywa kahawa. Alilijua lile ruko, na alijua lilinaswa lini. Ilikuwa kabla mwanawe Noemi hajazaliwa. Walimvisha nguo ya kubana yenye vitone vyeupe, akaonekana kama mtu mwenye tetekuwanga, wakamrusha kutwa nzima ndani ya ukumbi mtupu huku kompyuta ikimeza kila alichofanya. Watu wote wa kazi yake, wale wanaoanguka na kugongwa kwa niaba ya waigizaji wanaoonyeshwa sura, walikuwa wamepitia ukumbi ule. Tangu hapo mashine iliweza kuruka kama Delfina bila Delfina.

Kitu ambacho mashine haikukijua ni kwamba wiki ile alikuwa mjamzito. Na yeye pia hakujua. Alikuja kuambiwa kliniki baadaye, akakaa akijiuliza ule mkono ulikuwa ukienda tumboni kwa amri ya nani. Ulijua kabla yake. Sasa Noemi ana miaka miwili, anatembea, anakula kalamu za rangi, na mkono wa mama yake hauendi tumboni tena, kwa sababu hakuna wa kulindwa humo.

Hakumweleza Garrick. Hakuna aliyemuuliza.

Garrick hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametengeneza filamu kadhaa zote ndani ya kompyuta, na hii ilikuwa ya kwanza kwake kuwa na watu wanaoanguka kweli chini ya jua la Albuquerque. Viatu vyake vya mlimani vilikuwa vipya hata vumbi lilikuwa likiviogopa. Alitaka ruko hili moja liwe la mwili wa kweli, maana ndilo moyo wa hadithi. Lakini picha zote za kabla na za baada yake zilikuwa zimeshatengenezwa na mashine, kwa hiyo Delfina alitakiwa aruke sawasawa na ilivyoruka mashine, unyayo kwa unyayo, na mkono tumboni. Yaani amwige anayemwiga.

Walijaribu kwanza uwanjani, kwenye majukwaa mawili mafupi yaliyozungukwa na magodoro. Mara ya kwanza mkono wa kushoto ulitoka tumboni ukachelewa, akapiga kifua kwenye bomba. Mara ya pili akadaka kwa mkono mmoja na bega likalia kama mlango wa ghala. Mara ya tatu hakudaka kitu.

"Delfina," alisema Boone Lucero, mwenzake wa kuanguka, akiwa amelala chali kwenye godoro la jirani, "hebu nieleze, hilo godoro limekukosea nini?"

"Limefanana na wewe."

"Basi lipige tena."

Wendell Tsosie hakucheka. Yeye ndiye mkuu wao. Ujana wake ulikwisha juu ya migongo ya mafahali wa mashindano, na kutembea kwake kulionyesha kwamba nyonga moja alizaliwa nayo na nyingine aliipata kwingine. Alikuwa ameegemea gari, anatafuna njugu za msonobari na kutema maganda ndani ya kikombe.

"Mjomba, unaonaje?" Delfina alimuuliza.

"Naona mkono unaokwenda mahali ambapo hauna kazi," alisema Wendell. Akatema ganda.

Delfina akamfuata Garrick hemani, akamwambia kwamba ule mkono haurukiki. Uchochoro ni mpana, bomba liko mbali, mikono miwili inatakiwa itangulie. Waya uliofungwa kiunoni utamzuia asife, ila hautamzuia asivunjike.

"Lakini kompyuta imeruka nao," alisema Garrick. "Kwa mwili wako, uzito wako. Thuy, si uliweka uzito wake?"

"Niliweka uzito," alisema Thuy. "Upepo sikuweka. Na huyu wa humu akikosa bomba simwiti daktari, nabonyeza kurudia."

Garrick alifikiri. Alipozungumza, alizungumza kwa upole, kama mtu anayempisha mama mwenye mtoto akae.

"Sikiliza, Delfina. Kama huwezi, si neno. Nitachukua hili la kompyuta. Na kwa kweli yaliyobaki yote tunaweza kumpa yeye. Kwa nini niwatese watu?"

Maneno hayo yalitoka hemani kabla ya Delfina. Alipofika nje, kina Boone kila mmoja alikuwa akizitazama glavu zake. Filamu ilikuwa imebakiza maanguko mengi: ngazi, daraja, gari linalopinduka. Delfina akishindwa ruko hili, mashine inarithi yote, na wao wanapakia mabegi.

"Hakuna anayekusukuma," Boone alimwambia, na hapo ndipo Delfina alipojua kwamba anasukumwa.

"Nivisheni," alisema.

Walimvisha ile nguo ya vitone ndani, na juu yake koti la Ione, ili mashine ilinganishe harakati zake na zile za zamani. Wakamfunga waya. Chini ya ngazi, Wendell alimzuia kwa kiganja kimoja.

"Uko?"

"Niko."

Swali hilo huulizwa mara tatu: chini, juu, na ukingoni. Ni la watu wa kuanguka wa pale, na Wendell alilikuta kwa waliomtangulia. Anayeulizwa ana majibu mawili tu, Niko au Hapana, na Hapana haiulizwi sababu. Wendell aliwahi kuwaeleza wageni mara moja, hakurudia. Sababu ikiulizwa itajibiwa, alisema. Ikijibiwa itapimwa. Ikipimwa itaonekana ndogo, maana kila sababu ni ndogo mbele ya watu waliokwisha kuwasha kamera. Na mtu ataruka.

Lakini hawakutaka pia aliyesema Hapana aonewe huruma, kwa sababu huruma nayo ni namna ya kuuliza. Kwa hiyo walimwekea faini. Kesho yake asubuhi analeta burito za kifungua kinywa kwa kila mtu, chapati zilizokunjwa zenye mayai, viazi na pilipili ya kijani, za moto. Boone alishawahi kuzileta zimepoa, na kosa hilo lilikuwa likitajwa hadi leo. Delfina alikuwa amekula burito za faini za watu wengi. Yeye hajawahi kuleta hata moja.

Juu ya paa upepo ulikuwa ukishuka kutoka mlima Sandia, mkavu, wenye mchanga.

"Uko?"

"Niko."

Akapiga mbio za kujipima, akasimama ukingoni. Uchochoro ulikuwa chini yake, na ndani ya uchochoro godoro la hewa, na pembeni mwa godoro watu wadogo wenye shingo zilizokunjwa. Bomba la paa la pili liling'aa. Akaweka mkono tumboni ili kuona unakaaje. Ulikaa vizuri. Ulikaa kama chungu kilichowekwa juu ya jiko lililozimwa. Siku ile kule ukumbini mkono huu ulikuwa unafanya kitu, ingawa mwenye mkono hakuambiwa. Leo ulikuwa pambo.

"Uko?" aliuliza Wendell, kwa mara ya tatu.

"Hapana," alisema Delfina.

Alilisikia neno kama wote walivyolisikia, yaani baada ya kutoka. Akageuka nyuma amtazame aliyelisema.

"Imesikika," alisema Wendell bila kubadilisha sauti. "Fungua waya."

Hapo ndipo Garrick, kule chini, alipochukua kipaza sauti.

"Kwa nini?"

Swali likagonga ukuta wa ghala moja, likagonga la pili, likarudi. Boone akavua glavu, akazikunja, akaketi chini palepale alipokuwa. Aliyeshika waya akaketi. Mwendesha kreni akazima injini, akashuka, akaketi kivulini mwa tairi. Mama wa jikoni, ambaye hajawahi kuruka hata mtaro, akazima jiko, akavuta ndoo, akaikalia. Hakuna aliyenung'unika. Walikaa tu, kama watu wanaosubiri mvua ipite.

Garrick aliangalia huku na huku. "Ni mgomo?"

"Umeuliza," alisema Thuy kwa sauti ya chini.

"Nimeuliza nini?"

"Ndilo hilo. Usirudie, nakuomba. Ukiuliza, siku imekwisha."

"Siku imekwisha vipi? Saa hizi hata chakula cha mchana bado!"

"Mtazame mama wa jikoni," alisema Thuy.

Garrick akamtazama. Akaingia hemani. Mtu akinyimwa jibu na binadamu hulitafuta penye meza isiyokasirika. Akamwagiza Thuy aiulize kompyuta: kwa mwili huu, kwenye ukingo huu, uwezekano wa Delfina kukataa ulikuwa kiasi gani?

Thuy hakuhitaji kuandika kitu. "Hakuna."

"Mdogo sana, unamaanisha."

"Simaanishi mdogo. Haupo. Siku ile tulimnasa akiruka. Tulinasa maruko mazuri na maruko mabaya, tulinasa akipenga kamasi. Kukataa hatukunasa, kwa sababu hakukataa. Kwa huyu wa humu ndani, Delfina ni mtu ambaye akifika ukingoni anaruka. Ukimpeleka ukingoni mara elfu, ataruka mara elfu."

Delfina alikuwa amesimama mlangoni pa hema, koti la Ione begani. Alikuja kurudisha nguo. Akamtazama yule wa kwenye skrini, aliyekuwa ameachwa katikati ya hewa.

"Kwa hiyo mna pacha wangu asiyejua kukataa," alisema.

Garrick aligeuka. "Delfina, mimi sikuwa na nia ya—"

"Najua. Nasema tu. Ana mabega yangu. Ana goti langu bovu. Anabeba hata mtoto wangu, na hajui. Na nyie mtampeleka popote mtakapo, leo paa, kesho sijui wapi, na watu wataniona mimi." Akaanza kujivua ile nguo ya vitone mabegani. "Mkimtumia, mtumieni. Lakini mpeni na ile ya leo. Mkinibeba, nibebeni na hapana yangu."

"Inawezekana," alisema Thuy haraka, huku macho yake yako kwenye kibodi. "Alikuwa amevaa vitone hadi mwisho. Ninayo yote. Mbio, kusimama, kugeuka."

Garrick alitazama nje, kwenye uwanja uliojaa watu waliokaa. Ungeweza kusema alikubali kwa sababu ya haki, na ungeweza kusema alikubali ili mama wa jikoni anyanyuke. Yeye mwenyewe labda hakujua.

"Mwekee," alisema.

Jioni, Noemi alikataa kuoga. Alisimama katikati ya bafu na kiatu kimoja mguuni, akasema hapana kwa maji, hapana kwa sabuni, na hapana kwa bata wa plastiki ambaye jana alikuwa mpenzi wake. Lilikuwa neno lake la wiki ile, na alilitamka kwa furaha ya mtu aliyenunua redio mpya.

"Muulize kwa nini," alisema bibi yake, Eulalia, kutoka sebuleni. "Jana alisema ana samaki kwenye goti."

Delfina alikuwa na swali hilo mdomoni. Kutwa kucha alikuwa akimuuliza mwanawe kwa nini. Safari hii akaketi kwenye ukingo wa bafu, akaacha.

"Imesikika," alimwambia.

Noemi alimtazama kwa mashaka. Alisubiri. Hakuna kilichokuja. Baada ya muda akavua kile kiatu mwenyewe, akamtumbukiza bata majini, akamfuata.

"Umeruka leo?" Eulalia aliuliza.

"Sikuruka, Mama."

"Haya. Mayai yako kwenye friji, yapo ya kutosha," alisema Eulalia, ambaye alimzaa mtu wa kuanguka na alizijua faini zao.

Asubuhi Delfina alishusha masanduku mawili ya burito kutoka kwenye gari, akayaweka juu ya meza ya kuwekea waya. Watu walizikamata, wakazipapasa, wakazinusa, kama mahakimu.

"Za moto," Boone alitangaza. "Nimefedheheka."

"Pilipili umemwachia nani?" aliuliza Wendell, mdomo umejaa. "Hii ni ya watoto wa shule, mwanangu."

"Nilidhani meno yako hayawezi tena, Mjomba."

"Meno hayaumwi na pilipili. Nani alikulea wewe?"

Garrick alikuja, akasimama pembeni kidogo, mikono nyuma. Delfina akamnyooshea moja. Akaila yote, jasho likimtoka, bila kuuliza imewekwa nini. Watu waliliona hilo.

Kisha Thuy akawaita hemani. Alikuwa na uso wa mtu aliyeacha sufuria jikoni akarudi akaikuta inaimba.

"Nimemwekea ya jana," alisema. "Sikugusa kitu kingine. Tazameni."

Kwenye skrini yule pacha alikimbia juu ya paa. Akafika ukingoni. Akagusa tumbo. Akasimama. Upande wa pili bomba lilikuwa likisubiri. Akashusha mkono, akageuka nyuma, akatembea.

"Rudia," alisema Garrick.

Thuy akarudia. Safari hii aliruka. Akarudia tena. Akafika, akasimama, akageuka.

"Unamwamuru wewe?"

"Simwamuru. Namfikisha ukingoni tu. Kabla ya hapo alikuwa na njia moja. Sasa anazo mbili."

Garrick aliinamia skrini hata pua ikakaribia kuigusa. Kwa miaka mingi alikuwa ameandika na kufuta na kuandika habari ya mtu aliye ndani ya hesabu anayefanya jambo lisilokuwemo kwenye hesabu. Yule pacha alikuwa anatembea kurudi nyuma, goti la kulia likichelewa, bila haraka yoyote.

"Kwa—" alianza Garrick.

Hema lote likamgeukia. Boone alikuwa ameshaanza kukunja magoti kwenda chini. Nje, ndoo ilisikika ikivutwa.

Garrick akafunga mdomo.

"Imesikika," alisema.

Wendell akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyemwona ndama akisimama kwa miguu yake minne. "Kesho," alisema, akimwelekeza kidole yule wa kwenye skrini, "huyo ndiye analeta burito."

Kicheko kilipotulia, kazi ilikuwa palepale. Ruko lilikuwa bado linatakiwa. Garrick alimgeukia Delfina, na safari hii alimuuliza kama mtu ambaye hajui atajibiwa nini.

"Wewe utaruka?"

"Kwa mikono miwili."

"Haitalingana na picha zilizobaki."

"Zibadilishwe zilingane na mimi. Kwani mashine inachoka?"

Garrick alimtazama Thuy. Thuy akainua mabega, akatabasamu, akavuta kiti karibu na kibodi.

Upepo ulikuwa umepungua. Chini ya ngazi Wendell aliweka kiganja, akauliza, akajibiwa. Juu ya paa akauliza, akajibiwa. Kamera zikawashwa. Delfina alisimama ukingoni na mikono yake ikining'inia bure, akaangalia uchochoro, bomba, godoro, wale watu wadogo. Alilitafuta lile neno la jana alione lilipo. Lilikuwepo. Lilikuwa limekaa mahali pake, halina haraka, na angeweza kulichukua.

"Uko?"

"Niko."

Alirudi nyuma, akakimbia. Paa lilipiga ngoma chini ya viatu vyake, kisha halikupiga. Kwa muda mfupi hapakuwa na kitu, wala cha kushika wala cha kufikiri. Halafu bomba, baridi na lenye kutu, likajaa kiganjani. Miguu yake ikagonga ukuta, kidevu kikachubuka kwenye ukingo, waya ukakaa umelegea, haukuitwa. Akaning'inia hapo akihema, akaitazama mikono yake. Wa kushoto ndio uliotangulia kufika.

Wendell akauliza mara ya nne, ambayo haimo katika desturi. Alikuwa amesimama peke yake kwenye lile paa la kwanza, kofia mkononi.

"Uko, mwanangu?"

"Niko," alisema Delfina, akajivuta juu.